Chini ya Cherehani

Rwezamenyo, Kigali
3 Februari 1991

Dada Yasmina,

Assalaam alaikum. Sisi huku tu wazima, na cherehani nayo ni nzima, ila mkanda wake umeanza kulegea kama mwenye nayo. Jirani yangu Damascène, yule karani anayevaa tai hata siku ya kufua nguo, anakusalimu ingawa hakujui. Shemeji hajambo? Na Rwema, anasema nini siku hizi? Najua sasa ana miaka minane na maneno mengi kama baba yake.

Ya vita vya kaskazini usiniulize. Barabara ya Gatuna imefungwa, kwa hiyo barua hii inapitia Rusumo, mpaka wa Tanzania, mfukoni mwa Karangwa, dereva wa lori. Ameniapia kwamba hasomi barua za watu, kisha akaniuliza nimeandika nini.

Jambo lenyewe ni Shami. Ametimiza miaka sita na mtaa mzima unamsifu kwa adabu. Wewe umeondoka siku nyingi, lakini hujasahau malezi ya kwetu: mtoto mwema haombi chakula, hamkazii mkubwa macho, hadakii maneno. Basi Shami haombi kamwe. Hamtazami mtu. Hasemi hata neno moja. Mama mkwe wangu, Mukandekezi, akishuka kutoka Kinyinya na viazi vyake na kikopo chake cha ugoro, humsimamisha mbele ya watoto wa jirani na kuwaambia, "Tazameni mtoto aliyelelewa!"

Mimi ni fundi wa nguo, dada, si daktari. Lakini juzi nilimwita Shami nikiwa nyuma yake, nikagonga sufuria kwa mwiko, hakugeuka. Si kiziwi. Nikifungua mfuko wa karanga uani, anafika kabla ya kuku. Kutwa hulala chini ya cherehani akitazama gurudumu likizunguka. Nikiacha kukanyaga, anagonga kichwa sakafuni. Nimeweka pale kitambaa kilichokunjwa.

Marehemu mke wangu Mukasine angejua la kufanya. Nakumbuka alivyokuwa akikata uzi kwa meno na huku mkasi uko mkononi. Na mama yake akipiga chafya, alimjibu "Kira!" kutoka jikoni, yaani upone, akilivuta neno kama wimbo, mikono imejaa unga. Mama yake alirudisha "Twese," tupone sote. Hata jirani akipiga chafya ng'ambo ya ukuta, Mukasine alimjibu. Siku hizi namjibu mama mkwe mimi, lakini sauti ile sina.

Dar ni mji mkubwa. Niulizie.

Mdogo wako,
Nizeyimana


Ilala, Dar es Salaam
2 Machi 1991

Mdogo wangu Nize,

Waalaikum salaam. Karangwa amefika, amekula sahani mbili za wali, na kabla sijafungua barua akaniuliza, "Kwani yule mtoto kweli hasemi?" Basi umjue dereva wako.

Shemeji yako hajambo, anakusalimu. Rwema hajambo, viatu vya mwaka jana vimemkataa. Ulivyomtaja Mukasine nimeyaona meno yake na uzi katikati. Mungu amrehemu.

Sasa nisikilize. Hapa kuna kituo kidogo ninakokwenda kila Jumamosi kusaidia kupika uji. Kuna mwalimu anaitwa Keith, Mwingereza mrefu ambaye magoti yake hulia kama mlango. Nimemweleza habari za Shami. Amesema hali hiyo ina jina, otizimu. Mtoto huzaliwa nayo, ana njia yake ya kusikia na kuona dunia. Haiambukizi. Si laana. Hakuna jambo mlilofanya wewe na Mukasine likaileta. Dawa ya kunywa haipo, lakini mtoto hufundishika, na anayemfaa zaidi kumfundisha ni mzazi, kwa sababu mwalimu humwona asubuhi moja tu na mzazi yuko naye siku zote. Kwa hiyo Keith hafundishi watoto. Anafundisha wazazi.

Na anavyowafundisha, Nize! Mmoja anakuwa mzazi, mwingine anakuwa mtoto. Kuna mzee Rutayisire, mtu wa ofisi ya forodha, mwenye kitambi na miwani. Jumamosi iliyopita alikuwa mtoto. Aliingia chini ya meza akaiweza kazi hiyo hata saa ya chai akakataa kutoka. Keith akasema, "Vizuri sana, subirini, msimvute." Tukasubiri. Chai ikapoa. Mwishowe mzee akatoa mkono mmoja chini ya meza, akaonyesha maandazi.

Somo la kwanza ni hili. Usimwite Shami, usimwamuru, mfuate. Akilala chini, nawe lala. Akizungusha kifuniko, zungusha chako. Aone kwamba kuna mtu katika dunia yake. Somo la pili nitakuandikia wiki ijayo. Fanya hilo la kwanza tu mpaka upate barua yangu.

Dada yako,
Yasmina


Rwezamenyo, Kigali
25 Aprili 1991

Dada Yasmina,

Idi imepita salama. Nimeshona kanzu mpaka vidole vikawa kama vya mtu mwingine. Rwema alivaa nini Idi? Alisema nini alipoiona?

Barua yako ya pili haijafika. Kwa kuwa uliniambia nifanye la kwanza tu mpaka nipate barua, basi ndilo ninalolifanya hadi leo.

Nalala chini ya cherehani, dada. Shami akinusa mafuta ya mashine, nami nanusa. Akizungusha kifuniko cha sufuria, nami nina changu. Akitembea kwa vidole vya miguu kuzunguka uwanja, namfuata kwa vidole, na jogoo nyuma yangu, sijui yeye kafundishwa na nani. Wateja wamepungua kidogo. Waliobaki ni wale wanaopenda kutazama.

Siku moja Damascène alikuja kuchukua suruali akakuta miguu yangu tu.

"Fundi, iko nini huko chini? Umeangusha sindano?"

Sikuweza kujibu, Shami alikuwa amenyamaza nami nilikuwa namfuata. Basi Damascène akalegeza tai, akapiga magoti, akaanza kutafuta sindano. Akatafuta kwa bidii ya ofisini, kipande kwa kipande. Na hapo, dada, Shami akamtazama kwa pembe ya jicho, akatwaa kifuniko kimoja, akamwekea mgongoni. Hajawahi kumpa mtu kitu tangu mama yake aondoke. Nilitaka kulia. Damascène akauliza, "Hii iko dawa ya mgongo?"

Sasa ubaya. Wakati huohuo mama mkwe akaingia. Kumbuka kwetu mkwe hata kula mbele ya mama mkwe ni aibu. Mimi nilikuwa chali, kifuniko kifuani, na karani wa serikali anatambaa miguuni pangu.

"Nizeyimana we!" akasema. "Msiba umekuingia kichwani?"

Nikamweleza kwamba ni masomo. Akauliza ya nani. Nikasema ya Mwingereza wa Dar. Akaweka viazi chini, akavuta ugoro, akapiga chafya. Nikamjibu "Kira" nikiwa bado sakafuni, jambo ambalo naona lilizidi kumchukiza.

Nitumie somo la pili upesi. Magoti yangu nayo yameanza kulia.

Nizeyimana


Ilala, Dar es Salaam
19 Mei 1991

Nize, mdogo wangu,

Acha! Amka hapo sakafuni! Somo la pili nilikuandikia tangu mwezi wa tatu. Somo la kwanza lilikuwa la siku chache. Nilipomsomea Keith barua yako, aliomba anwani yako akupe hongera.

Wote tu wazima. Idi Rwema alivaa shati jeupe. Ameongezeka urefu.

Narudia somo. Shami anapenda gurudumu. Likanyage lizunguke, kisha simama. Usiseme kitu. Subiri. Ataudhika, naye atafanya jambo, akuguse, atoe sauti, akusogelee. Lolote atakalofanya kwa kukuelekea, lichukue kuwa ni ombi, na mara hiyohiyo lizungushe tena. Karanga vilevile. Usimpe kabla hajaomba kwa namna yake. Ugumu wa somo hili si kwa mtoto, ni kwetu. Mzazi hawezi kunyamaza. Tunajaza kila nafasi kwa maneno na mtoto hana pa kuingiza lake. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba hiyo, pamoja na karani wako, ajifunze kufunga mdomo.

Macho usimlazimishe. Keith anasema watoto hawa macho ya watu huwachoma. Tafuta ishara ya kwenu huko isiyomtia aibu.

Na mama mkwe usipigane naye.

Yasmina


Rwezamenyo, Kigali
30 Juni 1991

Dada Yasmina,

Barua zako mbili, ya Machi na ya Mei, zimefika siku moja. Karangwa anasema ya kwanza ilijificha chini ya kiti cha lori. Akaongeza, "Lakini somo la pili ni zuri kuliko la kwanza." Nimeacha kumwuliza anajuaje.

Ishara nimeipata. Si unajua mtu akimpa mkubwa kitu hushika mkono wake mwenyewe karibu na kiwiko, kwa heshima? Nimemfundisha Shami aniguse hapo. Nilikanyaga, nikasimama, nikasubiri. Akalia. Nikasubiri. Akagonga kichwa kwenye kile kitambaa. Nikasubiri. Kisha kidole kikanigusa mkono, chepesi kama uzi. Nikakanyaga mpaka mkanda ukakatika.

Sasa anaomba karanga kwa kunigusa. Kasoro ni kwamba watoto wa jirani waliona. Kila mtoto wa Rwezamenyo ananigusa mkono na kungoja karanga. Jana mteja mmoja aliyetaka sketi yake imalizwe haraka alinigusa pia. Nikampa karanga bila kufikiri, akashukuru akaenda zake.

Damascène amejifunza kunyamaza. Anasema limemsaidia ofisini. Mkuu wake akiuliza swali, yeye anasubiri, na mkuu hujijibu mwenyewe.

Lakini mama mkwe alikuja Jumapili akamwona Shami akigusa mkono, akipewa karanga. Sijamwona amekasirika hivyo.

"Nilikuachia mtoto mwenye adabu, sasa unamfundisha kuomba chakula kama mtu asiye na kwao! Binti yangu angekuwepo ungethubutu?"

 Amesema akishavuna mtama atakuja na mkeka na kikapu, amchukue Shami wakaishi Kinyinya. Yeye ni bibi yake. Katika ukoo wote hakuna atakayesimama upande wa mwanamume anayelala chini ya mashine. Si mkatili, dada. Anampenda sana. Ndiyo hatari yenyewe. Kule atapewa maziwa kabla hajayataka, kila mgeni atamsifu kwa ukimya wake, naye atanyamaza kwa sifa mpaka azeeke. Nami nitarudi kushona mashine ikiwa haina mtu chini yake.

Nifanye nini?

Na jambo moja dogo. Mpika uji wa Jumamosi amejuaje kwamba ugumu wote uko kwa mzazi? Nimekuuliza tu. Rwema anasema nini?

Nizeyimana


Ilala, Dar es Salaam
21 Julai 1991

Nize,

Tu wazima. Mvua hakuna. Rwema amepita bega langu.

Nimekaa na barua yako siku nyingi na sina hila ya kukupa. Kuja siwezi, nyumba yangu haiwezi kuachwa, nawe usiniulize kwa nini. Mama mkwe akija mpokee vizuri, mpe kiti kizuri, mwache aseme yote. Ukikosa neno, fanya kama darasani. Subiri.

Yasmina


Rwezamenyo, Kigali
26 Agosti 1991

Dada Yasmina,

Kaa chini kwanza. Kama Karangwa yuko mbele yako mwambie atoke nje, ingawa najua keshasoma.

Mama mkwe alikuja Jumapili ya wiki mbili zilizopita, baada ya misa, na mkeka begani na kikapu. Nikampa kiti cha wateja. Chai akaikataa.

"Mfungie nguo zake."

Nikaanza kukunja nguo za Shami. Lile gauni la maua ambalo Mukasine alilipinda upindo mkubwa mno, akisema atakua, nililikunja mara mbili nikalikunjua. Damascène alikuwepo, amekuja kuchukua suruali ileile, maana huja kuichukua kila wiki. Shami alikuwa chini ya cherehani na kifuniko chake. Neno sikuwa nalo. Basi nikafanya ulivyosema. Nikanyamaza, na Damascène, mwanafunzi mzuri, akanyamaza.

Mama mkwe hawezi ukimya. Alitazama ukuta, akatazama paa, akatoa kikopo cha ugoro akavuta pua zote mbili. Akapiga chafya. Si chafya ya kawaida, dada. Bobini ya uzi ilidondoka mezani ikabiringika mpaka mlangoni.

Nilifungua mdomo nimjibu. Lakini mdomo huu umezoea kufungwa miezi yote hii, ukajifunga wenyewe. Na kweli nilichanganyikiwa, sikujua kama chafya ya mama mkwe ni ya adabu au ni ya somo. Nikajikuta nasubiri. Nikamtazama Damascène. Damascène akaitazama tai yake.

Mama mkwe akatugeukia polepole.

"Kwa hiyo katika nyumba hii mtu anaweza kufa kwa chafya, nyinyi mnatazamana tu?"



Na kutoka chini ya cherehani, dada yangu, likatoka neno.

"Kiiira."

Halikuwa kubwa. Lakini lilivutwa pale mwanzoni, kama wimbo, kama mtu aliye jikoni mikono imejaa unga. Ilikuwa ni sauti ya Shami na lilikuwa ni neno la Mukasine. Alilisikia mara ngapi, amelala pale pale, nasi tukidhani haliingii? Miaka yote nafasi yake ya kujibu ilikuwa inajazwa na mama yake, kisha na mimi.

Mama mkwe alibaki mdomo wazi. "Twese" haikutoka upesi. Ilipotoka ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

Shami akatambaa nje. Akamwendea bibi yake, akamgusa mkono karibu na kiwiko, akasubiri.

"Anataka nini?" akauliza mama mkwe.

"Mama, iko anaomba nyingine," akasema Damascène.

"Nyingine nini?"

"Chafya."

"Chafya haiombwi!"

"Hapa iko inaombwa, mama."

Mama mkwe akamtazama mjukuu wake, kile kidole mkononi mwake. Nilidhani atauondoa mkono. Akafungua kikopo.

Alipiga chafya mpaka jioni. Kila moja ilijibiwa, "Kiiira," naye kila mara akarudisha "Twese," pua nyekundu, machozi yanamtiririka, na sikuweza kujua yapi ni ya ugoro. Jogoo alihama uwanja. Majirani walikuja kuuliza mgonjwa ni nani. Giza lilipoingia, mama mkwe alitandaza ule mkeka wa kumchukulia Shami, akaulalia yeye mwenyewe, kando ya cherehani.

Hamchukui. Amesema atashuka yeye kila wiki, kwa sababu, nakuandikia alivyosema, "Nyinyi wanaume hamwezi kazi hii, pua zenu ni dhaifu." Sasa nikikosa subira nikataka kumsemea Shami, hunipiga kwa kitambaa. "Nyamaza, mkwe, mtoto anafikiri!" Kuhusu kuomba, anasema kuomba kwa mtu wa nje ni aibu, lakini kwa bibi siyo kuomba, ni mazungumzo. Huko Kinyinya amekwisha kujitangaza mwalimu.

Shami hajapona, wala sisemi atapona. Ana neno hilo moja. Anaiambia cherehani mkanda ukikatika, anamwambia jogoo, na Damascène akiingia anamwambia "Kiiira" hata kama hana mafua, naye huvua kofia na kujibu "Twese."

Sasa wewe, dada. Kila barua nimekuuliza Rwema anasema nini, na kila barua umenijibu urefu wake. Basi nimemshonea kaptura kwa urefu huo. Sitauliza tena. Katika mfuko wa kulia kuna karatasi iliyofungwa. Ni ugoro, umetolewa na mama mkwe kwa mkono wake mwenyewe. Si wa mtoto, ni wako. Nusa mbele yake, kisha mnyamaze wote.

Nizeyimana


Ilala, Dar es Salaam
22 Septemba 1991

Nize wangu,

Kaptura imemkaa vizuri. Ugoro ulifika nusu, na Karangwa alifika akipiga chafya tangu njia panda, kwa hiyo hilo halikuhitaji uchunguzi.

Ndiyo. Rwema hajasema neno tangu azaliwe. Jumamosi sipiki uji, nakaa darasani na mzee Rutayisire. Nilishindwa kukuandikia hilo, maana kila barua yako iliniuliza anasema nini. Nikawa nampima urefu tu.

Jana jioni nilikaa naye ukumbini. Nilinusa ugoro wa mama mkwe wako, nikapiga chafya hata kanga ikanianguka. Shemeji yako akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu. Tukanyamaza, hata maji bombani tuliyafunga.

Rwema akaacha kifuniko chake. Akaitazama pua yangu kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha dukani. Kisha akasogea, akakaa karibu, goti lake likagusa langu. Hajawahi kusogea hivyo.

Neno bado. Tunasubiri. Mwambie mama mkwe ugoro umekwisha, atume mwingine, na safari hii aufunge ndani ya upindo wa nguo, Karangwa asiufikie.

Dada yako,
Yasmina